Kugeuza Mapenzi ya Kupiga Picha Kuwa Biashara Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu ambao wamepiga picha kwa miaka mingi bila kulipwa na ambao sasa, kwa kuwa wamestaafu, au wamechoshwa na kazi nyingine, au wameombwa picha na watu wengi mno, wanafikiria kutoza fedha. Hayamlengi anayejifunza kushika kamera. Yanamlenga yule ambaye kamera anaijua vizuri, ila biashara bado haijui.

## Kabla ya kuanza

1. Nitajuaje kwamba picha zangu zimefikia kiwango cha kulipiwa?

Wengi hujipima kwa picha zao kumi bora, na hapo ndipo wanapojidanganya. Mteja halipii picha yako bora ya mwaka. Analipia uhakika kwamba siku aliyoichagua yeye, hata ukumbi ukiwa na giza, hata mvua ikinyesha, hata ratiba ikichelewa kwa saa mbili, picha zitapatikana na zitatazamika. Kwa hiyo kipimo cha haki ni kazi uliyoifanya siku mbaya.

Jaribu hivi: omba ruhusa ya kupiga picha katika shughuli ambayo hukuichagua, chini ya mwanga usioupenda, kisha toa picha 40 ndani ya wiki moja. Mpe azitazame mtu ambaye hana sababu ya kukusifu. Akizikataa tatu au nne, unaweza kuanza kutoza. Akizikataa nusu, endelea na mazoezi bila kuchukua fedha ya mtu.

2. Je, kutosomea upigaji picha ni kikwazo?

Hapana, ingawa kutojifunza ni kikwazo. Seydou Keïta, ambaye picha zake za watu wa Bamako, Mali, leo hutundikwa katika majumba ya makumbusho, alikuwa fundi seremala. Alipewa kamera ndogo ya Kodak Brownie mwaka 1935, akajifunza kwa vitendo, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Anastahili kutazamwa kama mfanyabiashara pia: aliweka studioni suti, saa na redio ili mteja ajipambe kama apendavyo, na aligonga nyuma ya picha mhuri wenye jina lake, hivi kwamba kila picha iliyotoka ilimtangaza.

3. Biashara haitaua mapenzi yangu ya picha?

Inaweza kuyaua, na anayekuahidi vinginevyo hajawahi kuhariri picha 600 za sherehe ya watu asiowajua. Kwa kawaida hatari haitoki kwenye fedha zenyewe. Hutoka kwenye kuchukua kila kazi inayojitokeza, hadi kamera inaposhikwa kwa agizo la mtu mwingine tu. Ushauri wangu ni kutenga aina moja ya picha ambayo hutaiuza kamwe, iwe ni ndege, milango ya zamani au nyuso za ndugu zako, na kuitengea muda kwenye kalenda kama unavyomtengea mteja.

4. Niache kazi ninayoifanya sasa?

Si mwanzoni. Kazi za picha huja kwa misimu, na miezi mitupu haimwepuki hata aliyezoea. Subiri hadi hesabu ya swali la 9 itimie kwa mwaka mzima, si kwa miezi mitatu iliyonona, na uwe na akiba ya kukutunza kwa nusu mwaka.

5. Nianze na aina gani ya picha?

Anza na aina moja. Zikizidi, ziwe mbili. Anayejitangaza kwamba anapiga picha za kila kitu humfanya mteja ashindwe kumkumbuka kwa lolote, na kila aina ina mwendo wake wa fedha ambao ni vyema kuujua mapema.

Harusi na sherehe hulipa vizuri kwa siku moja, lakini hazina marudio: pete ikishavishwa imevishwa, na ukiikosa hakuna wa kukurudishia tukio hilo. Kwa sababu hiyo, siwashauri wanaoanza waingie huko peke yao. Wafanye kwanza kazi kadhaa wakiwa wasaidizi wa mpiga picha mwenye uzoefu. Picha za watu binafsi na familia hulipa kidogo kwa kila mara, ila mteja akiridhika hurudi mtoto anapokua, na huja na jirani yake.

Picha za bidhaa hazina shamrashamra. Hupigwa mezani, taa zikiwa zimetegwa, na mwenye duka hurudi kila anapoingiza mzigo mpya. Naona aina hii inadharauliwa bila sababu: haitegemei hali ya hewa, inaweza kufanywa usiku baada ya ajira, na mteja wake anajua picha nzuri inamwingizia nini. Picha za nyumba zinazouzwa au kupangishwa zinafanana nayo kwa hilo, ila zinahitaji lenzi pana na jicho linalojali mistari iliyonyooka.

Kuuza picha za mandhari za kutundika ukutani ndiyo ndoto ya wengi wanaouliza swali hili, na ndiyo njia ya polepole kuliko zote, kwa kuwa mnunuzi hana tarehe inayomsukuma. Ifanye, lakini usiitegemee kulipa bili za mwaka wa kwanza. Kufundisha wengine ni njia halali pia, na mara nyingi watu wenye uzoefu wa miaka mingi husahau kwamba subira na maelezo yao vina thamani.

## Vifaa na faili

6. Je, ninunue kamera mpya kabla ya kuanza?

Kabla ya kununua kilicho bora zaidi, nunua cha pili: kamera ya pili, hata ikiwa imetumika, betri za ziada, na kadi za kumbukumbu za kutosha. Mteja hatajua kamera yako ni toleo la mwaka gani, lakini atajua iwapo ilizimika katikati ya shughuli na hukuwa na nyingine. Ukinunua mwili wa kamera, tafuta wenye nafasi mbili za kadi, ili kila picha iandikwe mara mbili papo hapo.

Kuhusu ukubwa wa picha, wasiwasi wa wengi umezidi mahitaji. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli takribani 6,000 kwa 4,000, ambayo kwa nukta 300 kwa inchi huchapishwa kwa sentimita 50 kwa 33 hivi bila kupoteza ukali. Picha kubwa zaidi hutazamwa kwa mbali, nazo huvumilia nukta chache. Lenzi unayoihitaji mara mbili kwa mwaka, ikodi.

7. Simu yangu inapiga picha nzuri. Haitoshi?

Kwa picha za mchana za kuweka mtandaoni, mara nyingi inatosha. Itakuangusha kwenye giza, kwenye mwendo wa kasi na kwenye uchapishaji mkubwa, na hizo ndizo hali ambazo mtu huajiri mpiga picha kwa ajili yake.

8. Nipige kwa RAW au JPEG, na nihifadhi vipi picha za wateja?

Piga RAW, yaani faili ghafi kama kamera ilivyolinasa, kwa kazi yoyote ya kulipwa. Faili la JPEG, ambalo kamera imekwisha kulichakata na kulibana, hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi ya msingi, ilhali RAW ya biti 12 hubeba ngazi 4,096, na ya biti 14 hubeba 16,384. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuokoa pale gauni jeupe linapoungua kwa mwanga. Picha za kumkabidhi mteja zitoe kwa JPEG katika wigo wa rangi wa sRGB, ambao skrini na maabara nyingi za kuchapishia huuelewa bila kubadili rangi za nyuso.

Kuhusu kuhifadhi, fuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila faili, katika aina mbili tofauti za vihifadhi, na nakala moja ikiwa mahali pengine kabisa, iwe ni nyumba ya ndugu au hifadhi ya mtandaoni. Diski mbili zilizo kwenye droo moja zitaibwa pamoja. Kadi isifutwe kabla nakala hazijakaguliwa kwa kufunguliwa. Muda wa kuhifadhi kazi ya mteja, kwa mfano mwaka mmoja, uandike kwenye mkataba (swali la 13), la sivyo utageuzwa ghala la watu maisha yako yote.

## Bei na malipo

9. Nitoze kiasi gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu la kawaida, yaani kuangalia wengine wanatoza kiasi gani na kushuka kidogo, ndilo baya zaidi. Hujui gharama za huyo unayemwiga, wala hujui kama yeye mwenyewe anapata faida.

Anza na mwaka mzima. Jumlisha kila kinachotumika: uchakavu wa vifaa, programu za kuhariri, usafiri, bima, intaneti, uchapishaji wa sampuli. Kamera unayotarajia idumu miaka minne iingie kwa robo ya bei yake kila mwaka. Kisha ongeza kiasi unachotaka kibaki mfukoni mwako. Tuchukue namba zisizo na sarafu: gharama 2,400 na kipato 4,800, jumla 7,200. Ukiwa na uwezo wa kufanya kazi mbili kwa mwezi, yaani 24 kwa mwaka, kila kazi inapaswa kuleta 300, na kodi bado haijaguswa. Ukipata kazi 12 tu, kila moja inapaswa kuleta 600. Wengi hufika hapa wakashtuka, na ni bora kushtuka kwenye karatasi.

Sasa pima muda. Shughuli ya saa nne si kazi ya saa nne. Weka saa mbili za maandalizi na safari, nane za kuchagua na kuhariri, mbili za mawasiliano na kukabidhi, nawe umefika saa 16. Ukigawanya 300 kwa saa hizo unapata pungufu ya 19 kwa saa, na theluthi yake ni gharama. Iwapo namba hiyo ni ndogo kuliko unayoweza kuipata kwa kazi nyingine isiyokuchosha, una njia tatu: kupandisha bei, kupunguza saa za uhariri, au kuchagua aina nyingine ya kazi katika orodha ya swali la 5.

Mteja mpe bei iliyokamilika, ikionyesha idadi ya picha, muda wa kukabidhi na matumizi yanayoruhusiwa. Vifurushi viwili au vitatu vinatosha. Vikizidi, mteja huondoka kwenda kufikiria na harudi.

10. Niwatoze ndugu na marafiki?

Toza bei kamili au toa zawadi kamili. Nusu bei huleta balaa, kwa sababu wewe utajiona umetoa msaada na yeye atajiona amenunua huduma, na picha zikichelewa kila mmoja ana haki ya kukasirika. Hata ukitoa zawadi, andika ankara yenye bei halisi na punguzo la asilimia 100 chini yake. Si ukali huo: ni njia ya kumwambia binamu yako, bila maneno, kwamba rafiki zake watakaokuja baadaye watalipa.

11. Nimeambiwa hakuna bajeti, ila nitajulikana. Nikubali?

Uliza kwanza kama mpishi, mwenye viti na mwenye muziki wanalipwa. Wakiwa wanalipwa, bajeti ipo. Kazi ya bure ina nafasi yake pale unapoichagua wewe: kwa shirika unaloliamini, au kwa aina ya picha ambayo huna sampuli zake, tena ikiwa na mwisho unaojulikana.

12. Malipo ya awali ni lazima?

Ni lazima, hata kwa kazi ndogo. Malipo ya awali hulipia tarehe, kwa kuwa ukishaifunga tarehe hiyo umewakataa wengine. Sehemu kati ya robo na nusu ya bei ni ya kawaida. Salio lilipwe kabla ya kukabidhi faili zilizokamilika. Mteja aone picha ndogo zenye alama, alipe, kisha apokee. Masharti ya kurudisha fedha yakiwa yameandikwa mapema na kwa lugha nyepesi hupunguza ugomvi, ingawa sheria za walaji hutofautiana na baadhi hazikubali masharti magumu mno.

Usajili wa biashara na kodi navyo hutegemea sheria za mahali ulipo. Mshirikishe mhasibu kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, na tangu siku ya kwanza tenga akaunti ya benki isiyochanganywa na fedha za nyumbani.

## Mkataba na haki

13. Mkataba wa kazi ndogo uwe na nini?

Ukurasa mmoja unatosha ukitaja pande mbili, tarehe, mahali na saa, idadi ya chini ya picha, siku ya kukabidhi, bei na namna ya kulipa, yatakayotokea upande mmoja ukighairi au ukiugua, muda wa kuhifadhi faili, na matumizi ya picha kwa kila upande. Kipengele cha ugonjwa husahaulika sana. Kiandike pamoja na jina la mpiga picha atakayekushikia nafasi, baada ya kukubaliana naye.

14. Mteja amelipa. Je, picha si mali yake?

Katika nchi nyingi, aliyelipia picha hapati hakimiliki kwa kulipa tu. Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa, ambao leo unazifunga nchi zaidi ya 180, unataka haki ya mwandishi au msanii itambuliwe bila sharti la usajili. Kwa hiyo haki huanza kitufe kinapobonyezwa. Zipo tofauti: mwajiriwa anayepiga picha kazini mara nyingi humpigia mwajiri wake, na baadhi ya nchi zina kanuni za pekee kwa picha zilizoagizwa na familia.

Unachomuuzia mteja, basi, ni leseni, yaani ruhusa ya kuitumia picha. Taja mambo manne: matumizi gani, wapi, kwa muda gani, na kama ni yeye peke yake anayeruhusiwa. Mfano wa kawaida ni mwenye duka la viatu aliyepigiwa picha za ukurasa wake, kisha mwaka mmoja baadaye picha zilezile zikaonekana kwenye tangazo la kiwanda kilichoshona viatu hivyo. Kama leseni ilisema duka peke yake, kiwanda kinadaiwa. Kama haikusema lolote, una mabishano marefu mbele yako.

15. Nahitaji idhini ya watu ninaowapiga picha?

Hakimiliki yako haifuti haki ya mtu juu ya sura yake. Kwa matangazo, pata idhini ya maandishi ya kila mtu anayetambulika. Kwa mtoto, isainiwe na mzazi au mlezi. Kwa habari na maonyesho ya sanaa sheria nyingi ni legevu zaidi. Kuweka picha za mteja kwenye mkusanyiko wako wa kazi ni kujitangaza, kwa hiyo ruhusa hiyo iombe ndani ya mkataba, na akikataa mwache.

16. Mteja anataka picha zote, hata ambazo hazijahaririwa. Nimpe?

Hapana, isipokuwa mlikubaliana hivyo tangu mwanzo na kwa bei yake. Kuchagua ni sehemu ya kazi aliyoilipia, na picha uliyoitupa, ikisambazwa, itasambaa na jina lako.

## Wateja

17. Wateja wa kwanza nitawapata wapi?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini chema kilichofungiwa kwenye diski hakijiuzi. Jipigie debe kwa picha 20 za aina unayotaka kuajiriwa kwayo, na usichanganye nyingine hata ukizipenda. Wateja wa kwanza kwa kawaida hutoka kwa watu wanaohudumia walengwa wako kabla yako: wapambaji, washonaji, madalali wa nyumba, wenye maduka. Wapelekee picha chache za kazi yao wenyewe ulizozipiga vizuri, na jina lako likiwa juu yake. Mitandao ya kijamii inasaidia, ila ni ukumbi wa watu wengine ambao unaweza kufungwa bila taarifa. Orodha ya namba na anwani za wateja wako, ukiitunza kwa ruhusa yao, ni yako.

18. Mteja hakuzipenda picha. Nifanye nini?

Muulize ni zipi na kwa nini, kabla hujajitetea. Mara nyingi lalamiko ni moja tu, na mara nyingi linahusu jinsi anavyojiona mwenyewe, jambo ambalo uhariri mdogo au picha nyingine ya dakika ileile hulitatua. Kosa likiwa lako, rudia kazi au rudisha fedha haraka. Ladha ikiwa ndiyo inayotofautiana, mkataba na sampuli ulizomwonyesha ndivyo ushahidi wako.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nina filamu na picha za miaka mingi iliyopita. Zina thamani ya biashara?

Zaidi ya unavyodhani, hasa zile ulizoziona za kawaida: mitaa, maduka, mabasi, mavazi. Wachapishaji, watengenezaji wa filamu na makumbusho hutafuta vitu ambavyo haviwezi kupigwa tena. Fremu ya filamu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi hutoa megapikseli kama 21, zinazotosha kwa kurasa mbili za kitabu. Andika mwaka, mahali na majina wakati unakumbuka, kwa kuwa picha isiyo na maelezo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Idhini za swali la 15 zinahusika hapa pia.

20. Naweza kuuza picha za majengo maarufu?

Inategemea nchi na jengo. Mnara wa Eiffel ni mfano wa kuchekesha: Gustave Eiffel alifariki mwaka 1923 na ulinzi wa ubunifu wake umekwisha, kwa hiyo picha ya mchana ni huru, lakini taa za usiku zina hakimiliki tofauti, na matumizi ya kibiashara ya picha ya usiku yanahitaji kibali. Kama unarusha droni, leseni yake ni jambo la pekee, tofauti na haki za picha.

21. Nitumie akili mnemba kuhariri?

Kuondoa waya wa umeme kwenye anga ni uhariri kama mwingine. Kuongeza mtu ambaye hakuwepo kunataka ridhaa ya mteja, na kwenye picha za habari hakukubaliki. Kumbuka pia kwamba ofisi ya hakimiliki ya Marekani haisajili kazi iliyoundwa na mashine bila mchango wa ubunifu wa binadamu, hivyo picha ya namna hiyo huenda usiweze kuizuia isinakiliwe.

22. Nikifariki, picha zangu zitakuwa za nani?

Za warithi wako, pamoja na hakimiliki, ambayo katika nchi nyingi hudumu miaka 50 au 70 baada ya kifo. Vivian Maier aliyefanya kazi ya yaya alipiga picha zaidi ya 100,000 ambazo karibu hakumwonyesha mtu, na sehemu ya shehena hiyo ikauzwa kwenye mnada huko Chicago mwaka 2007, miaka miwili kabla hajafariki. Walionunua negativu hawakuwa wamenunua hakimiliki, na suala la mirathi yake likaishia mahakamani.

Andika wosia unaomtaja mtu mmoja atakayesimamia picha, umwonyeshe diski zilipo, umwachie maneno ya siri mahali salama, na uorodheshe leseni ambazo bado zinaendelea, kila moja na tarehe yake ya kwisha.